Satelaiti, wafuatiliaji wa vijiji au vituo vya vipimo: ulinganisho kwa wanaofuatilia mazingira ya Kigoma

Mkoa wa Kigoma una halmashauri nane, ziwa lenye kina kinachokaribia mita 1,470 upande wa magharibi, ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi upande wa mashariki, na kati ya hivyo viwili milima na misitu ya miombo ambayo imekuwa ikipungua mwaka hadi mwaka. Kila msimu wa kuandaa bajeti unapofika, afisa mazingira wa wilaya, bodi ya maji, asasi ya kiraia au halmashauri ya kijiji hukutana na swali lilelile: fedha chache zilizopo kwa ajili ya kufuatilia hali ya mazingira zielekezwe wapi? Wapo wanaosema picha za satelaiti zinatosha kwa kuwa nyingi hutolewa bure. Wapo wanaosema hakuna anayeujua msitu kuliko watu wanaoishi kando yake. Na wapo, hasa wataalamu wa maji na uvuvi, wanaoshikilia kwamba bila kituo chenye kipimo na bila sampuli iliyopita maabara, hayo mengine yote ni makisio.

Kila upande una hoja nzito, na ndiyo maana watu hukwama. Makala haya yanazipima njia hizo tatu kwa vigezo vilevile, kwa kutumia mambo ya mkoa huu. Msimamo wangu niuseme mapema: uchaguzi uanze na uamuzi unaosubiri takwimu, kisha ndipo chombo kitafutwe. Takwimu zinazokusanywa bila kujua nani atazitumia, lini, na kwa kuamua jambo gani, huishia kabatini hata kama zilipimwa kwa uangalifu mkubwa.

Vigezo vya kulinganisha

Kigezo cha kwanza ni kile ambacho njia inakiona na kile isichokiona. Kila njia ina upofu wake, na upofu huo huleta hasara kubwa kuliko makosa ya vipimo, kwa sababu kosa la kipimo huweza kukadiriwa na kusahihishwa, ilhali jambo ambalo halikuonekana kabisa huhesabiwa kana kwamba halipo. Cha pili ni muda, yaani taarifa inafika lini baada ya tukio, na kipimo kinarudiwa kila baada ya siku ngapi. Taarifa ya moto inayofika wiki tatu baadaye inafaa kuingia kwenye ripoti ya mwaka, lakini haimsaidii mtu wa doria. Cha tatu ni gharama, na hapa ninasisitiza gharama ya mwaka wa pili na wa tatu, baada ya mradi kufungwa, kwa kuwa katika mwaka wa kwanza karibu kila njia hulipika. Cha nne ni uzito wa ushahidi: matokeo yatapelekwa mbele ya nani, naye atayakubali? Mkutano mkuu wa kijiji, baraza la madiwani na mahakama haviamini mambo yaleyale.

Njia ya kwanza: picha za satelaiti

Kinachoonekana. Satelaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa Julai 1972, na hazina ya picha zake, iliyofunguliwa kwa umma bila malipo mwaka 2008, ndiyo kumbukumbu ndefu kuliko zote za picha kuhusu uso wa ardhi ya Kigoma. Kwa kulinganisha picha ya mwaka 1972 na ya mwaka 1999, watafiti waliweza kuonyesha jinsi milima inayoizunguka Hifadhi ya Taifa ya Gombe ilivyopoteza miti huku msitu ulio ndani ya mpaka wa hifadhi ukibaki. Aliyesimama kileleni aliweza kuliona hilo kwa macho yake, lakini picha ilimwezesha kulipima, kulichora kwenye ramani na kumwonyesha mtu ambaye hajawahi kufika huko.

Upana huo una bei yake. Pikseli moja ya Landsat, yaani kimraba kidogo kabisa kinachounda picha, ina upande wa mita 30, na ya satelaiti za Sentinel-2 za Umoja wa Ulaya ina upande wa mita 10. Kwa hesabu nyepesi, ekta moja ya msitu ni pikseli kama 11 za Landsat na pikseli 100 za Sentinel-2. Shamba jipya la nusu ekta lililofyekwa bondeni huweza kupotea katika zile za kwanza na kuonekana vizuri katika hizi za pili. Lakini mkurungu mmoja au mninga mmoja uliokatwa na kuchanwa mbao palepale msituni hauonekani kwenye yoyote kati ya hizo mbili, kwa kuwa matawi ya miti ya jirani hulifunika pengo. Hii ina maana kwamba msitu unaweza kuendelea kuonekana mzima kwenye ramani wakati miti yake yote ya thamani imekwisha kutoka.

Kuna mtego mwingine ambao huwanasa wageni wa mkoa wetu. Miombo hupukutisha majani kiangazi, kisha kati ya Agosti na Oktoba huchipua majani mapya, mengine mekundu, hata kabla mvua haijanyesha. Mtu akichukua picha ya mwezi Mei wa mwaka mmoja na kuilinganisha na ya Septemba ya mwaka mwingine, atapata upotevu mkubwa wa msitu ambao haukutokea kamwe. Lazima picha zinazolinganishwa ziwe za wakati uleule wa mwaka. Michikichi nayo inahitaji tahadhari yake: shamba kubwa lililokomaa, likitazamwa kutoka juu, huweza kuhesabiwa kama msitu, na katika mkoa ambao zao hili limehimizwa sana miaka ya karibuni, kosa hilo linaweza kuficha ufyekaji halisi.

Muda. Sentinel-2 hupita kila baada ya siku 5, na Landsat 8 na 9 kwa pamoja kila baada ya siku 8. Hiyo ni ratiba ya angani. Hapa chini, kuanzia Novemba hadi Aprili mawingu hufunika picha nyingi, kwa hiyo kwa vitendo tunaona vizuri kiangazi na kwa kubahatisha masika. Satelaiti za rada kama Sentinel-1 hupenya mawingu, na ndizo zinazofaa kwa ardhi oevu wakati wa mafuriko, ila kuzisoma kunahitaji ujuzi zaidi. Kwa moto hali ni nzuri zaidi: vihisi vya VIIRS, ambavyo hubebwa na satelaiti na kutambua joto, hupita kila siku, karibu saa saba na nusu mchana na saa saba na nusu usiku, na taarifa za sehemu zenye joto kali hupatikana ndani ya saa chache. Moto mdogo uliowashwa asubuhi na kuzimika kabla ya mchana utapita bila kuandikwa. Hata hivyo, kwa kutenganisha moto wa mapema wa Mei na Juni, ambao huunguza nyasi na kuacha miche mingi hai, na moto wa mwisho wa kiangazi ambao huua miche, sijaona njia nyingine inayolifanya hilo kwa mkoa mzima kwa mkupuo mmoja.

Gharama. Picha ni bure, lakini mtu wa kuzisoma si bure. Panahitajika mtaalamu, kompyuta yenye nguvu, umeme na intaneti isiyokatika ovyo. Hatari kubwa ni kwamba ujuzi wote hukaa kwa afisa mmoja, na siku akihamishwa, kazi husimama.

Uzito wa ushahidi. Katika baraza la madiwani, ramani mbili zilizowekwa kando kwa kando hubadilisha mjadala haraka. Katika kijiji, picha yenye ubora wa juu ikichapishwa kwa ukubwa na kutandikwa chini, watu huinama na kuanza kutafuta: huyu anaonyesha paa la kanisa, yule njia ya kwendea mashamba, na mara nyingi akina mama ndio wanaozionyesha chemchemi, hata zile ambazo haziko kwenye ramani yoyote ya serikali. Kuanzia hapo picha ni yao. Mahakamani lakini picha ina udhaifu ulio wazi: inaonyesha kwamba msitu umetoweka na kati ya tarehe zipi, haionyeshi nani aliukata.

Inamfaa nani. Inawafaa mkoa, wilaya, wapangaji wa matumizi ya ardhi na yeyote anayehitaji kujua mabadiliko ya eneo kubwa kwa miaka mingi. Haimfai anayetaka kujua ubora wa maji ya kunywa, wingi wa samaki au wizi wa mti mmojammoja.

Njia ya pili: wafuatiliaji wa vijiji

Kinachoonekana. Msingi wa kisheria upo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinakiwezesha kijiji kutenga na kusimamia msitu wake wa hifadhi. Mkoani Kigoma uzoefu ni mrefu kuliko sehemu nyingi: mradi wa TACARE wa Taasisi ya Jane Goodall ulianza mwaka 1994 katika vijiji vilivyo jirani na Gombe, na baadaye wafuatiliaji wa misitu waliochaguliwa na vijiji vyao, huko na katika eneo la Masito na Ugalla, walianza kutumia simu janja zenye GPS kuandika wanachokutana nacho.

Wanachokutana nacho ndicho hasa kile ambacho satelaiti haikioni: kisiki, tanuri la mkaa, mtego wa waya, kambi ya wachana mbao, njia mpya ya ng'ombe, kiota cha sokwe mtu. Mfuatiliaji mzoefu hasomi kisiki kama idadi tu. Akikuta kisiki cha mninga ambacho utomvu wake mwekundu bado ni mbichi, anajua kwamba mkataji hajafika mbali. Akikuta umekauka na pembeni kuna vumbi la msumeno lililokwisha nyeshewa, anaandika tukio la zamani na kuendelea na safari. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua kama doria itumwe leo au la.

Upofu wa njia hii ni wa aina mbili. Kwanza, watu hupita panapopitika. Mabonde ya mbali na miteremko mikali hubaki bila kuandikwa, na ramani ya matukio huishia kuwa ramani ya njia za wafuatiliaji. Mwezi wa doria nyingi utaonekana kuwa mwezi wa uharibifu mkubwa hata kama ukataji umepungua. Dawa yake inajulikana ingawa haifuatwi vya kutosha: simu iandike pia njia yote aliyopita mtu, pamoja na sehemu ambazo hakukuta kitu, ili matukio yagawanywe kwa kilometa zilizotembewa. Pili, mfuatiliaji anaishi na watu anaowaripoti. Tanuri la mkaa linaweza kuwa la shemeji yake. Kumtaka ataje majina hadharani ni kumweka katika hatari, na ni jambo la haki kwamba utaratibu wowote ulinde jina lake na kumtaka aandike mahali na kitu, kazi ya kumtafuta mtu ikiachiwa wenye mamlaka ya kisheria.

Muda. Taarifa huweza kufika siku hiyohiyo, lakini palipo na mtandao tu. Katika sehemu nyingi simu hutunza taarifa hadi mhusika atakaporudi kijijini. Hata hivyo, kwa tukio la mtu mwenye msumeno msituni, hakuna njia nyingine inayoikaribia hii kwa kasi.

Gharama. Vifaa ni vya bei ya chini, ila posho, buti, baiskeli na kuchaji simu ni gharama za kila mwezi ambazo haziishi. Hapa ndipo kazi nyingi huanguka. Mradi ukifungwa, posho hukatika, na mtu mwenye shamba na watoto hawezi kulaumiwa kwa kuacha kutembea milimani bure. Kijiji kinachotenga sehemu ya mapato ya msitu wake, kama ushuru wa mazao ya misitu au faini, kina nafasi kubwa zaidi ya kuendelea. Ningeshauri pia daftari lisitupwe kwa sababu simu zimekuja. Simu huharibika, na fomu ya karatasi iliyojazwa vizuri inaweza kuingizwa kwenye kompyuta baadaye.

Uzito wa ushahidi. Katika mkutano wa kijiji uzito ni mkubwa, kwa kuwa anayesema anajulikana. Mahakamani, mtu aliyeona kwa macho ana thamani ambayo picha ya angani haina. Baraza la madiwani ndilo linalohitaji kushawishiwa, na kinachosaidia ni kila tukio kuwa na mahali, tarehe na picha yake.

Njia hii haiko msituni peke yake. Kwenye mialo kama Kibirizi na Katonga, vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, vinavyofahamika zaidi kama BMU, vina nafasi ileile: kuandika boti ngapi zilitoka usiku, zilivua kwa zana gani, na dagaa na migebuka kiasi gani vilishushwa alfajiri. Anayesoma takwimu hizo akumbuke mbalamwezi, kwa sababu uvuvi wa dagaa hutegemea taa na giza. Wiki ya mwezi mpevu ikilinganishwa na wiki ya giza itatoa picha ya uongo kuhusu hali ya samaki.

Inamfaa nani. Inavifaa vijiji vyenye misitu ya hifadhi, vikundi vya uvuvi, na wilaya inayotaka kuchukua hatua ndani ya siku chache. Haimfai anayehitaji takwimu moja ya mkoa mzima inayolinganishika kijiji kwa kijiji, isipokuwa awe tayari kusimamia fomu moja na mafunzo ya mara kwa mara.

Njia ya tatu: vituo vya vipimo na maabara

Kinachoonekana. Kigoma ina bahati ya kuwa makao ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, moja ya mabonde tisa ya maji nchini, na ya kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI. Kazi za aina hii ndizo zinazotuambia mambo yaliyo chini ya ngozi ya maji: bakteria, nitrati na fosfati, mtiririko wa mto, kina cha ziwa, joto na oksijeni kwa kila kina, urefu wa samaki wanaovuliwa.

Ziwa Tanganyika halisomeki kutoka juu peke yake. Satelaiti huona rangi na joto la uso, ilhali sehemu kubwa ya maji, kuanzia kina cha mita 100 hadi 200 hivi kwenda chini, haina oksijeni na hushikilia virutubisho vingi. Samaki tunaowala hutegemea virutubisho hivyo kupandishwa juu pepo zinapoyavuruga maji. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2003 zilionyesha kwamba ongezeko la joto limepunguza mchanganyiko huo, na jambo hilo lilijulikana kwa sababu kulikuwa na vipimo vya joto vya kina kirefu vilivyochukuliwa mwanzoni mwa karne ya 20 na kurudiwa baadaye. Kipimo cha kale kilichoandikwa vizuri kilikuja kuwa na thamani ambayo aliyekichukua hakuweza kuijua.

Upofu wake ni kwamba kituo ni nukta. Kipima mvua kilichopo Kigoma mjini hakisemi lolote la uhakika kuhusu milima ya Buhigwe. Hapo makadirio ya mvua kutoka satelaiti, ambayo kwa Afrika yanapatikana tangu mwaka 1981, husaidia kuziba mapengo, mradi yasahihishwe kwa vipima mvua vilivyopo.

Muda. Kwenye kituo cha kawaida cha mto, msoma vipimo huangalia kipima kina saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri na kuandika. Kazi inaonekana nyepesi, lakini kina peke yake hakitoi kiasi cha maji. Lazima mtiririko upimwe mara kwa mara ili kujua kina fulani kina maana ya lita ngapi kwa sekunde. Mto wenye mchanga hubadilisha kitako chake kila masika, na jedwali la kubadilisha kina kuwa mtiririko, lililotengenezwa miaka mitano iliyopita, huendelea kutumika huku likidanganya. Sampuli za bakteria nazo zina masharti yake: zihifadhiwe kwenye baridi na zipimwe ndani ya saa 24, na ikiwezekana mapema zaidi. Kwa sampuli ya Ujiji hilo ni jambo dogo. Kwa sampuli ya Kalya, kusini kabisa mwa wilaya ya Uvinza, safari yenyewe inaweza kuumaliza muda huo, kwa hiyo kifaa cha kupimia papo hapo kinaweza kufaa zaidi kuliko maabara nzuri iliyo mbali.

Gharama. Ndiyo njia ghali kuliko zote: vitendanishi (kemikali za kupimia), mafuta, matengenezo, wataalamu. Vituo vya kujiendesha vyenye paneli za sola hupunguza safari lakini huibiwa na kuharibika, na kituo kisicho na mwenyeji wa kukitunza huwa hakidumu.

Suala la kina cha ziwa linastahili maneno zaidi, kwa sababu limegusa maisha ya watu. Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu unaotoa maji, Lukuga, ulioko upande wa Kongo. Kati ya mwaka 2020 na 2024 ziwa lilipanda kiasi cha maji kuingia kwenye makazi na miundombinu ya kando yake, na madhara yalionekana Burundi na upande wetu pia. Si mara ya kwanza. Mwaka 1878 ziwa lilifika juu sana kabla maji hayajafungua njia kupitia Lukuga. Anayepanga gati, soko la samaki au nyumba ufukweni anahitaji kumbukumbu ndefu ya kina, nayo hutegemea jambo moja dogo ambalo hupuuzwa: alama ya sifuri ya kipimo, yaani mahali kinapoanzia kuhesabu. Maji yakikifunika kipimo cha zamani na kipya kikasimikwa bila kuunganishwa na alama ileile ya kudumu, miaka yote ya nyuma haiwezi kulinganishwa na miaka inayokuja.

Uzito wa ushahidi. Mbele ya sheria, hakuna kinachozidi sampuli iliyochukuliwa kwa utaratibu, ikafungwa, ikasafirishwa kwa kumbukumbu ya kila mikono iliyopitia, na kupimwa na maabara inayotambuliwa. Uzito huo unahitajika pia kati ya nchi na nchi. Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilitia saini mkataba wa usimamizi endelevu wa ziwa mwaka 2003, na mamlaka ya pamoja ya ziwa ina makao yake Bujumbura. Mwaka 2024 uvuvi upande wa Tanzania ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Uamuzi kama huo unawagusa wavuvi, wachuuzi na wanunuzi wa dagaa hadi Tabora na kwingineko, na wana haki ya kuonyeshwa kama ulizaa matunda. Jibu litatoka kwenye takwimu za mavuno na za urefu wa samaki kabla na baada ya kufungwa, zilizokusanywa kwa namna moja pande zote za ziwa.

Inamfaa nani. Inazifaa bodi za maji, idara za uvuvi, mamlaka za maji za miji, na yeyote anayetarajia kupingwa kisheria.

Kuhusu droni, ambazo watu huziulizia sana: zinafaa kwa eneo dogo, kama maporomoko ya udongo, mpaka wa msitu wa kijiji au shamba linalogombaniwa, na picha zake ni kali kuliko za satelaiti yoyote ya bure. Zinahitaji kibali na rubani aliyefunzwa. Nazichukulia kama kiungo cha kuongezea, hazitoshi kuwa mfumo wa mkoa.

Kuchagua kulingana na hali

Kama ninyi ni halmashauri ya kijiji mnaoandaa mpango wa matumizi ya ardhi, anzeni na picha ya satelaiti iliyochapishwa kwa ukubwa na mkutano wa kuisoma, kisha wekeni wafuatiliaji kwenye msitu mliotenga. Msinunue vipima maji vya gharama kubwa. Kwa chemchemi zenu inatosha kuandika kila mwezi wa kiangazi kama maji yanatoka na ndoo moja inajaa kwa dakika ngapi. Baada ya miaka michache daftari hilo litakuwa hoja yenye nguvu mbele ya wilaya.

Kama wewe ni afisa wa wilaya yenye kambi ya wakimbizi, kwa mfano Kasulu ambako kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, picha zitakuonyesha jinsi miti ilivyopungua kuizunguka kambi mwaka kwa mwaka. Hazitakuambia kuni kiasi gani zinatumika kwa kila kaya wala kama majiko banifu yamepunguza chochote. Kwa hilo panahitajika kupima kuni kwenye kaya, ndani ya kambi na katika vijiji jirani vilevile, kwa sababu uamuzi unaotegemea takwimu za upande mmoja huzua ugomvi wa pande mbili.

Wilaya za Tabora zinazolima tumbaku, kama Urambo na Kaliua, ziko katika hali inayofanana: ufyekaji wa eneo huonekana kutoka juu, lakini kuni za kukaushia majani zinazotolewa mti mmojammoja hazionekani. Huko ningeweka nguvu zaidi kwa watu wa ardhini kuliko kwa ramani, na picha zitumike kuchagua vijiji vya kuanzia.

Bodi ya maji inayogawa vibali vya kumwagilia katika bonde kama la Luiche haina njia ya mkato. Kibali ni lita kwa sekunde, kwa hiyo lazima mto upimwe, hasa Septemba na Oktoba maji yanapokuwa kidogo kabisa. Satelaiti itaonyesha ukubwa wa mashamba yaliyomwagiliwa, na hilo husaidia kugundua anayetumia kuliko alichoruhusiwa.

Kwa ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi, iliyoingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000 ikiwa ya kwanza nchini na yenye ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 32,500, ukubwa wenyewe unaamua: satelaiti, pamoja na zile za rada kwa kuwa mafunjo huficha maji, na vituo vichache vilivyochaguliwa vizuri kwenye mto.

Kwa mradi mkubwa unaohitaji tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, sampuli za hali ya awali zichukuliwe kabla ya trekta la kwanza kufika, kiangazi na masika. Zikikosekana, mwekezaji hataweza kujitetea na mwanakijiji hataweza kudai.

Na kama una fedha za mwaka mmoja tu, bila uhakika wa mwaka unaofuata, usianzishe kitu kipya kinachohitaji posho ya kudumu. Tumia fedha hizo kutengeneza kilichopo: kuunganisha alama za sifuri za vipimo, kuingiza madaftari ya zamani kwenye kompyuta, na kumlipa msoma kipima kina kwa wakati. Siku ambazo hazikusomwa mtoni haziwezi kusomwa tena, ilhali picha za satelaiti za miezi hiyohiyo zitakuwa bado zipo kwenye hazina yake pindi fedha za kuzichambua zitakapopatikana.